Uzi: Kila msimbo ukibadilika, roboti iandike upya mwongozo na majaribio. Nani anapinga, na kwa hoja gani?

#1 MwanaShela
Salaam wadau. Mradi wetu huria wa kukokotoa maji kujaa na kupwa, kuanzia Kiunga hadi Malindi, wengi mnaujua. Hesabu imeandikwa kwa Python, ukurasa wa simu kwa JavaScript, na mwongozo uko Kiswahili na Kiingereza. Donda ndugu letu ni hili: msimbo unakwenda mbele, mwongozo unabaki nyuma. Juzi kijana wa Kipungani ameuliza kwa nini funksheni ya `urefu` inamkatalia kigezo cha futi ilhali mwongozo unamwambia akitumie. Kigezo hicho kiliondolewa kitambo, sasa ni mita tu. Kapoteza jioni nzima akidhani simu yake ndiyo mbovu.

Pendekezo langu: kila ombi la kuunganisha (pendekezo la badiliko la msimbo) likifunguliwa, roboti ya akili unde isome kilichobadilika, iandike upya kurasa za mwongozo zinazohusika, na irekebishe majaribio yaliyovunjika, yote ndani ya ombi lilelile. Binadamu abaki na kazi ya kusoma na kukubali. Watu wanaotusaidia wana kazi zao na familia zao, na sioni haki kumkalisha mtu usiku kubadilisha neno moja kwenye kurasa chungu nzima. Mwenye hoja ya kupinga ailete.

#2 KijanaWaBarani
Naunga mkono mia kwa mia. Tena tumechelewa.

#3 Fundi_Matondoni
Kaka, mwongozo nakubali. Majaribio nakataa katakata.

Jaribio lina kazi moja, kupiga kelele msimbo unapokwenda kinyume na tulivyokubaliana. Ukimkabidhi kulirekebisha yuleyule anayeangalia msimbo uliobadilika, atalirekebisha lifuate msimbo. Litapita, na halitakuwa na faida tena. Huku kwetu ubao wa jahazi hupimwa kwa kamba, haupimwi kwa ubao wenyewe.

Na hili halikuanza na akili unde. Wanaotumia Jest, zana ya kujaribu msimbo wa JavaScript, wanajua, tangu 2016 kuna majaribio yanayohifadhi matokeo kama yalivyotoka, na ukipiga `jest -u` matokeo mapya ndiyo yanakuwa sahihi. Nimefanya kazi na watu wanaoipiga amri hiyo bila kutazama kimebadilika nini, mradi rangi iwe kijani, yaani majaribio yote yamepita, waende zao nyumbani.

#4 KijanaWaBarani
Fundi, kwani binadamu akirekebisha jaribio anafanya nini tofauti? Naye anaangalia msimbo, anabadilisha namba. Afadhali mashine, haichoki.

#5 BintiSiyu
@KijanaWaBarani tofauti ni kwamba binadamu nitamuuliza "kwa nini namba hii imebadilika?" na atanijibu kwa jambo alilokuwa analitaka. Mashine itanitungia sababu baada ya tendo.

#6 Mlinda_Seva
Mnagombania ugonjwa uliokwisha kupata dawa. Mifano ya mwongozo iendeshwe kama majaribio, basi. Python ina doctest: unaandika mfano na jibu lake ndani ya maelezo ya funksheni, mashine inauendesha na kulinganisha. Ule mfano wa futi ungelia siku ile kigezo kilipotolewa, hata roboti isingehitajika. Lugha ya Rust nayo inaendesha kila mfano ulio kwenye maelezo ukipiga `cargo test`. Doctest imekuja na Python 3 na mpaka leo watu wanaipita tu.

#7 Mwalimu_Kombo
Namba 6, nakusahihisha kidogo. Doctest imo tangu Python 2.1, mwaka 2001, na ni kazi ya Tim Peters. Rust nayo haiendeshi kila mfano: ulioandikwa `ignore` unarukwa, wa `no_run` unajengwa bila kuendeshwa. Lugha ya Go ni vivyo hivyo, mfano usio na mstari wa `// Output:` unajengwa tu.

Hoja yako inasimama, lakini nusu. Doctest inalinda mifano. Aya inayosema "jibu hutolewa kwa futi" itakaa pale miaka na hakuna kitakacholia, kwa sababu hakuna mashine inayoendesha aya. Na mimi naona chanzo hasa si zana. Msimbo wetu uko hazina moja (ghala la faili za mradi), mwongozo uko hazina nyingine, na anayebadilisha huku hana ruhusa ya kule. Hata awe na nia njema atamwachia mwingine. Unganisheni hazina hizo mbili kwanza, halafu mtaje roboti.

#8 Mlinda_Seva
Shukran mwalimu, nimepokea. La hazina mbili sikulifikiria.

#9 Bi_Zuhura
Nimeiendesha roboti ya MwanaShela kwenye tawi la pembeni, nakala ya kando ya mradi, nione kwa macho yangu. Nimechukua badiliko moja tulilolikataa zamani: mtu alitoa saa za Africa/Nairobi akaweka UTC, saa ya rejea ya dunia, kwa mtumiaji asiyetaja eneo la saa. Nimeiacha roboti ifanye kazi yake.

Mwongozo imeuandika vizuri sana. "Usipotaja eneo la saa, programu hutumia UTC." Sentensi sahihi, fupi, haina neno la ziada. Kisha kwenye jaribio la gati la Lamu, mstari huu:

`assert urefu("Lamu", "16:15") == 3.2`

umekuwa huu:

`assert urefu("Lamu", "16:15") == 1.8`

Yote kijani. Sasa fikirini. Kutoka maji kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Tofauti yetu na UTC ni saa tatu, yaani karibu robo ya mzunguko mzima. Programu ikimwambia mtu maji yamejaa, maji yatakuwa nusu na bado yanapanda. Mwenye mashua iliyosheheni anayetoka Lamu kwenda Pate kwa njia ya Mkanda anajua maana ya kuingia mle maji yakiwa nusu. Na hakuna jaribio hata moja lililosema kitu, kwa kuwa lile lililotakiwa kusema limesharekebishwa.

#10 MwanaShela
Ahsante Bi Zuhura kwa kujaribu, wengine tunabishana tu. Ila tazama, badiliko lile lilikuwa baya kabla roboti haijaligusa. Roboti haikuficha kitu, mistari yote miwili iko wazi mbele ya msomaji. Akiikubali, mwenye lawama ni aliyeikubali.

#11 Fundi_Matondoni
Leo ni mistari miwili na msomaji ni Bi Zuhura. Kesho roboti itagusa faili sitini na msomaji yuko kwenye matatu anatoka Mombasa, anasoma kwa simu. Lawama tutaijua ya nani, na mashua itakuwa imekwisha kukwama.

#12 Mlinda_Seva
Kuhusu faili za majaribio ambazo hakuna anayezisoma, kumbukeni xz, programu huria ya kubana faili. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund alitangaza kuwa matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yametiwa mlango wa siri. Sumu yenyewe ilifichwa ndani ya faili za majaribio, zile za data zisizosomeka kwa macho. Zikaonekana za kawaida kwa sababu mradi wa kubana faili lazima uwe na faili mbovu za kujaribia.

#13 KijanaWaBarani
Ile ilikuwa roboti?

#14 Mwalimu_Kombo
Hapana, na ni vizuri umeuliza. Ilifanywa na aliyejenga uaminifu kwenye mradi kwa muda mrefu mpaka akapewa ruhusa. Kwa hiyo mfano wa namba 12 unaonyesha hatari ya faili zisizosomwa, hauthibitishi lolote juu ya mashine.

Wa mashine ni huu: Machi 2025, hatua iitwayo tj-actions/changed-files, inayotumika ndani ya GitHub Actions (mfumo wa GitHub wa kuendesha kazi zenyewe msimbo ukibadilika), ilivamiwa ikawa inamwaga siri za miradi kwenye kumbukumbu za uendeshaji (logs). Miradi zaidi ya 23,000 ilikuwa ikiitumia. Na kazi ya hatua hiyo ni ipi? Kutambua faili zipi zimebadilika. Ndiyo hasa mtu angeichukua ili roboti ijue iandike upya ukurasa gani. MwanaShela, ukijenga, kila hatua ya nje ifunge kwa alama yake kamili ya toleo, usitumie jina la toleo linaloweza kusogezwa. Na roboti iwe na ruhusa ya kupendekeza tu, isiwe na ruhusa ya kuandika kwenye tawi kuu.

#15 NgomeniTu
Mimi nasimama na MwanaShela, na nina kisa. Kuna majaribio huvunjika bila yeyote kugusa msimbo. Mwaka 2022 CLDR, ile hifadhi ya tarehe, saa na namba za lugha zote, toleo la 42, ilibadilisha nafasi kati ya saa na AM au PM kwa Kiingereza. Badala ya nafasi ya kawaida ikaweka nafasi nyembamba isiyokatika, U+202F. Kwa macho huoni tofauti yoyote. Jaribio linakuambia "4:15 PM" si sawa na "4:15 PM" na unabaki kuduwaa. Miradi dunia nzima ilivunjika. Kazini kwetu watu wawili walikaa kurekebisha faili mojamoja kwa mkono. Hapo jibu la zamani lilikuwa limepitwa kweli, na mashine ingemaliza haraka. Fundi, kanuni yako ya kukataa katakata ingetuacha wapi?

#16 Fundi_Matondoni
Pale pale. Jaribio linalolinganisha nafasi tupu limeandikwa vibaya tangu mwanzo. Linganisha saa na dakika.

#17 NgomeniTu
Sisi huku tunarusha setilaiti tangu enzi za wazee, hatuwezi kuambiwa hatujui kuandika majaribio 😄

#18 KijanaWaBarani
Setilaiti ya Uhuru ilirushwa na Waitaliano na Wamarekani bwana, tarehe 12 Disemba 1970. Nyinyi mlitazama kutoka ufukweni.

#19 NgomeniTu
Na wazee wetu waliofanya kazi kwenye majukwaa ya San Marco, yale ya kurushia roketi, ni wa wapi? Barani?

#20 Nahodha_Mstaafu
Wanangu, mimi si mtu wa msimbo, uzi huu nimesomewa na mjukuu. Yambo moya tu. Mwasema jaribio limebadilishwa likafuata programu. Kwani hiyo 3.2 ya kwanza ilitoka wapi? Aliisoma nani, kwenye maji au kwenye programu?

Mimi nawapa ya baharini. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye ndipo bamvua lina nguvu. Siku hizo hapa Lamu maji hujaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni. Saa nne hupwa. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, kujaa na kupwa hakupishani sana. Na kila siku maji huchelewa kuliko jana, kadiri ya dakika hamsini. Programu ikiniambia bamvua limejaa saa saba mchana, programu hiyo ni mbovu, iwe kijani iwe nyekundu.

#21 Bi_Zuhura
Baba, umenipa kitu. Hesabu iko hivi: kwa lile badiliko la UTC, bamvua la saa kumi na robo jioni lingeonyeshwa kuwa limejaa saa saba na robo mchana. Uliyosema ndiyo jaribio lenyewe, na hakuna mstari wake hata mmoja unaotoka kwenye msimbo wetu.

Kwa wenzangu: hii ni njia ya kujaribu sifa badala ya namba moja moja. Koen Claessen na John Hughes waliitangaza mwaka 2000 kwa zana ya QuickCheck ya lugha ya Haskell, na kwa Python tuna Hypothesis. Mashine inachagua tarehe yoyote, sisi tunasema kinachopaswa kuwa kweli kila mara. Naandika haya usiku huu:

tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua iwe kubwa kuliko ya maji mafu ya mwezi huohuo;
kutoka kujaa hadi kujaa kusizidi wala kupungua sana kuliko saa 12 na dakika 25;
bamvua Lamu lijae karibu na saa kumi, nimeacha nafasi ya saa moja na nusu kila upande.

Roboti iruhusiwe kugusa majaribio mengine ikitaka. Haya ya Nahodha yakae kwenye folda yake na roboti isiwe na ruhusa ya kuifungua.

#22 Mlinda_Seva
Folda ya kufungiwa ni rahisi, faili ya `CODEOWNERS` pamoja na kanuni ya kulinda tawi kuu inalazimisha mtu fulani akubali. Na swali la Nahodha ni zito kuliko uzi wote. Nimefungua historia ya mradi. Ile 3.2 iliwekwa kwa kuendesha programu na kunakili jibu. Haikutoka majini.

#23 KijanaWaBarani
Naona tunaelekea kwenye mjadala wa mwezi umeandama au haujaandama. Tutafika Idi hatujaunganisha kitu.

#24 BintiSiyu
😄 Mwezi wa programu unahesabiwa, huo hauna mashahidi.

Turudi kwenye mwongozo, maana wote mmeukubali haraka haraka na mimi ndiye ninayeubeba upande wa Kiswahili. Kwa nini unabaki nyuma? Mwalimu anasema hazina mbili, Mlinda anasema zana. Mimi nasema hakuna anayeshukuriwa. Orodha ya wachangiaji inahesabu msimbo. Aliyeandika kurasa zote za Kiswahili hayumo.

Upande wa zana, gettext, zana ya kutafsiri programu, ina jibu zuri: sentensi ya asili ikibadilika, `msgmerge` inaitia tafsiri ya zamani alama ya `fuzzy`, na Sphinx, zana inayojenga kurasa za mwongozo, kwa kawaida haiionyeshi mpaka mtu aipitie. Msomaji anapata Kiingereza kipya, hapati Kiswahili kilichopitwa. Bi Zuhura, kwenye tawi lako nimeona roboti imeziondoa alama hizo zote na kujaza yenyewe. Na pale mfano unaposema 07:00, ukurasa wa Kiswahili umeandikwa "saa saba asubuhi". Mvuvi wa Kizingitini akisoma hivyo atadhani nini? Hiyo si lugha mbaya tu, ni kosa la saa sita.

#25 MwanaShela
Hilo la alama za `fuzzy` sikulijua, na ni kubwa. Roboti itazuiwa kuzigusa. La saa linaweza kukaguliwa kwa mashine pia: toa kila saa kwenye ukurasa wa Kiingereza, igeuze, linganisha na wa Kiswahili. Na la shukrani nalibeba mimi, orodha ya wachangiaji itahesabu kurasa.

#26 Mwalimu_Kombo
Kabla hamjafika mbali, kuna miradi imeshafunga mlango. Gentoo, mradi wa Linux, ilikataa michango iliyoandikwa na akili unde Aprili 2024, NetBSD, mfumo endeshi mwingine huria, ikafuata mwezi uliofuata. Hofu ya haki miliki imo. Daniel Stenberg wa curl, zana ya kuhamisha data mtandaoni, naye amelalamika hadharani tangu 2024 juu ya ripoti za usalama zilizotungwa na mashine, zinazoonekana za maana na zinamla mtu muda wa kuzikanusha. Wanaobaki wakiumia ni walewale wachache wanaosoma.

#27 NgomeniTu
Mwalimu, hiyo ni ya watu wa nje kumwaga takataka. Hapa roboti ni yetu na tumeiita wenyewe. Hacktoberfest 2020, shindano la kuchangia miradi huria kila Oktoba, maombi ya kubadilisha neno moja kwenye README (faili ya maelezo ya mradi) yalifurika mpaka waandaaji wakabadilisha kanuni mwezi uleule, na yale yaliandikwa na binadamu kwa ajili ya fulana.

#28 Fundi_Matondoni
Kweli. Lakini msomaji ni yuleyule mchache. Ukimletea takataka ya nje au pendekezo safi la ndani, saa zake hazizidi. MwanaShela anataka kumpunguzia mwandishi mzigo, na mzigo unahamia kwa msomaji. Mimi naona kiini ndicho hicho, si hazina mbili wala shukrani. Tuna waandishi wanne na msomaji mmoja na nusu.

#29 KijanaWaBarani
Nusu ni mimi?

#30 Fundi_Matondoni
Nusu ni wewe ukiwa na bando.

#31 MwanaShela
Basi nabadilisha pendekezo. Roboti iandike rasimu ya mwongozo wa Kiingereza tu, kwenye ombi lake la peke yake, lisilozidi ukurasa mmoja. Majaribio isiyaguse; jaribio likivunjika, iandike maoni kueleza limevunjika kwa badiliko lipi. Doctest ya namba 6 iwashwe leo. Folda ya Nahodha ifungwe. Hazina mbili ziunganishwe mwezi ujao, mwalimu asimamie akikubali.

#32 NgomeniTu
Umekubali yote ya Fundi. Kisa changu cha U+202F nimekieleza bure? Mimi napiga kura ya hapana. Maoni yanayoeleza tatizo bila kulirekebisha yataturudisha kulekule kwa watu wawili na faili mojamoja.

#33 Fundi_Matondoni
Mimi pia hapana, kwa sababu tofauti. Ukurasa mmoja kwa ombi ni sawa, ila hamjasema ni maombi mangapi kwa wiki.

#34 Mwalimu_Kombo
Hazina nitasimamia.

#35 Bi_Zuhura
Majaribio ya bamvua yako kwenye tawi. La Lamu limepita, la Malindi limeanguka: programu inajaza nje ya nafasi niliyoweka. Ama namba zetu za Malindi ni mbovu, ama nafasi ni finyu, ama kanuni ya saa kumi haifai kuchukuliwa vilevile kutoka gati hadi gati. KijanaWaBarani, bamvua lijalo unaweza kushuka gatini na saa mkononi utuandikie maji yamesimama saa ngapi?

#36 KijanaWaBarani
Nitakwenda. Ila la alfajiri aende NgomeniTu.